Shule za Japani: paa la jadi sawa, ukuta wa karatasi hapana

Kuna watu wakisikia Japani inataka shule zinazotumia umeme kidogo wanasema jibu lipo siku nyingi, warudi tu kwenye ujenzi wa mababu, mbao, udongo, mianzi. Wengine wanaona hizo ni ndoto, weka zege na viyoyozi mambo yaishe.

Mi naanzia kwenye paa, maana hapo wazee walijua kweli. Paa la kijapani linatoka nje sana. Pale Tokyo jua la mchana mwezi wa 6 linapanda nyuzi kama 78 juu ya upeo wa macho, mwezi wa 12 linaishia 31 hivi, sasa paa likitokeza sentimita 90 tu upande wa kusini, kiangazi kivuli kinashuka zaidi ya mita 4 yani ukuta mzima umefunikwa, halafu baridi ikifika kivuli kinaishia kama nusu mita na jua linaingia hadi kwenye madawati. Hakuna swichi wala bili.

Na shuleni kutumia mwanga na hewa bila mashine kumewezekana. Shule ya msingi Hizuchi, mji wa Yawatahama, ilikamilika 1958, ni ya mbao iliyochanganywa na chuma, na mbunifu Matsumura Masatsune aliitenga korido na madarasa akaacha nyua ndogo katikati, kwa hiyo kila darasa linapata mwanga na hewa pande mbili. Nzuri sana aisee.

Lakini tuseme ukweli, nyumba ya jadi ya kule ilijengewa kiangazi. Mtawa Yoshida Kenko aliliandika hilo karne ya 14, jenga ukifikiria joto, baridi ikija mtu ataishi popote. Mtoto wa miaka 7 haishi popote, anakaa darasani masaa, na mlango wa shoji ni karatasi kwenye fremu ya mbao, usiku wa Januari joto lote linatoka, ukiwasha hita ni kama unapasha moto uwanja.

Hata hicho kiangazi kimebadilika. Tarehe 23 Julai 2018 joto la mji wa Kumagaya lilifika nyuzi 41.1, na hewa ya nyuzi 41 hata ipite pande zote mbili bado inachoma. Mwaka huo madarasa ya kawaida yenye kiyoyozi kwenye shule za umma za msingi na sekondari ya chini yalikuwa kama asilimia 60 tu, serikali ikamwaga hela, 2022 yakapita 95. Siwezi kulaumu, watoto wanazimia.

Ninachokataa ni kiyoyozi kufungwa kwenye boksi la zege lisilo na kivuli, linachomwa jua mchana kutwa halafu mashine ndo ihangaike. Kivuli kwanza, kisha ukuta na dari zizibwe vizuri joto lisipenye, mbao ibaki maana sheria ya 2010 yenyewe inahimiza mbao kwenye majengo ya umma, kiyoyozi kiwe cha mwisho na kidogo. Mpango kama wa Hizuchi ukijengwa leo ningeongeza vioo viwili viwili madirishani, nyua zile nisingezigusa.