Hao vijana waacheni waende

Nimesoma hii habari ya vijana wa hapa Mombasa wanaoenda misheni nje na nimeona wengi mnasema ni kupoteza pesa, ati kazi ya Mungu iko hata Kisauni. Ni kweli iko, lakini mie nlienda Malawi, Mangochi kule kando ya ziwa, miezi 4, na nliporudi hata mamangu alisema we si yule alotoka hapa. Nlienda na mahubiri yangu nimeyapanga kwa daftari, kumbe hakuna mtu anaelewa Kiswahili changu, wiki za kwanza kazi yangu ikawa kuteka maji na kukaa kimya nikisikiliza, na mie maishani sijawahi kukaa kimya jamani. Siku moja bibi mmoja mgonjwa akaomba, nkaskia Mulungu, nkaskia madzi, yaani maneno yaleyale ya nyanyangu Mgiriama, lugha nlokuwa naionea haya hapa mjini! Nlilia. Maombi yangu yalianza upya hapo, bila kelele.

Na kumbukeni sisi wenyewe tulifikiwa. Mmisionari Krapf alifika hapa 1844, mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga, na bado 1846 akaanzisha misheni pale Rabai na mmisionari mwenzake Rebmann. Angeambiwa abaki kwao Ujerumani je?

Ila makanisa yawafunze lugha kwanza tafadhali, hata salamu tu na namna ya kuomba maji.