Watatu kati ya wangapi?

Septemba 2023, taasisi ya Berlin inayohifadhi mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Mjerumani ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba (DNA) vimewapata ndugu wa watu watatu. Wote watatu ni wa huku kwetu Kilimanjaro. Fuvu la Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani na ambaye inaaminika kichwa chake kilipelekwa kwao, ndilo lililokuwa likisubiriwa kuliko yote, na halikupatikana.

Tangu siku hiyo, ukikaa na watu wanaolifuatilia jambo hili, iwe Moshi au Arusha, haichukui muda mazungumzo yanagawanyika. Wapo wanaosema msako wa mtu mmoja mmoja umefika ukingoni: yarudishwe yote kwa mkupuo, serikali kwa serikali, yazikwe pamoja kwa heshima, basi. Na wapo wanaosema hapana, endeleeni kutafuta majina. Hawa wa pili siku hizi wanaonekana wabishi, wazee wasiotaka kuliacha jambo liishe. Nadhani hawajasikilizwa vizuri.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayotumika kuwanyamazisha. Mafuvu yaliyofanyiwa utafiti Berlin kuanzia 2017 ni 1,135. Zaidi ya 900 ni ya Rwanda, iliyokuwa ndani ya koloni hilohilo. Waliopatiwa ndugu ni watatu. Watatu kati ya 1,135, anakuambia mtu, hata mmoja kati ya 300 hafiki, na miaka yote ile imekwenda. Ukisikia hivyo unakata tamaa.

Lakini mafuvu 1,135 hayakupimwa. Yaliyopimwa na kulinganishwa na mate ya watu walio hai ni manane tu. Watatu kati ya wanane! Mganga akiponya watatu kati ya wanane waliofika kwake humwiti tapeli eti kwa sababu mtaa mzima una wagonjwa elfu. Na la kujiuliza zaidi ni kwa nini yalikuwa manane. Ni kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa na maelezo ya kutosha, kiasi cha kujua ugonge mlango wa nani Uchaggani na kumwomba mate. Moja lilikuwa limeandikwa neno moja: Akida. Kwa wino huo tu watafiti wakafika kwa ukoo wa mshauri wa Mangi Meli, na kipimo kikalingana kabisa. Mengine mawili yalilingana kwa karibu sana na watu wa Uchaggani walio hai.

Huwa nalirudia hilo neno kichwani. Akida kwetu ni cheo. Karani au daktari aliyeliandika huenda hakujali kama ni cheo au ni jina, alitaka tu mzigo wake usichanganyike na mwingine. Uzembe wake ungezidi kidogo tu, ukoo huo usingepata jibu milele. Kwa hiyo kilichowapata hawa watu kwanza ni karatasi na wino. Damu ilikuja kuthibitisha. Anayesema vinasaba vimeshindwa analaumu kisu wakati nyama haijaletwa.

Linalofuata ni swali la kwa nini kichwa. Nimemsikia kijana msomi akisema kiwiliwili cha Meli kipo ardhini Old Moshi, sanamu imewekwa pale Tsudunyi tangu 2019, tunataka nini tena? Kijana huyo ni Mchagga, ila wa mjini. Zamani, kabla kanisa halijaibadili desturi, marehemu mwenye watoto alizikwa, kisha baada ya muda alifukuliwa, na fuvu likawekwa migombani penye masale, mmea wetu wa heshima, ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, likawa mahali pa kutambikia. Ukichukua kichwa cha Mchagga umechukua kilekile ambacho watoto wake walipaswa kubaki nacho. Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake 18, na inasimuliwa kwamba alikaa saa saba kitanzini kabla ya kukata roho. Mjukuu wake ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuuliza kichwa kiko wapi. Kumwambia sanamu inatosha ni kutojua anaulizia nini. (Desturi hiyohiyo, kwa bahati mbaya, iliwarahisishia kazi wakusanyaji. Wengi wa waliomo Berlin hawakunyongwa na mtu. Walichukuliwa makaburini na mahali pa kuzikia.)

Na tunao mfano wa nini hutokea ukiharakisha. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilidaiwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, likarudi Kalenga mwaka 1954 mikononi mwa Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika. Ila Twining alilichaguaje pale Bremen? Kwa kupima vipimo vya kichwa na kuvilinganisha na vya ndugu zake Mkwawa. Hapakuwa na njia nyingine wakati ule, simlaumu sana. Lakini mpaka leo wapo wanaouliza kama ni lenyewe. Wahehe wanaliheshimu, na wana haki. Wazee wa Old Moshi, kwa kukataa kupewa fuvu la kukisia, wameonyesha subira ambayo serikali ya kikoloni haikuwa nayo.

Sasa upande wa pili, maana una hoja moja inayoninyima raha. Rafiki yangu mmoja, mwalimu kule Arusha, aliniambia: "Nyie wa Old Moshi mna bahati, mtu wenu ana jina. Siku ile walinyongwa pia viongozi wa kwetu, wa Meru na wa Arusha. Mbona hamuwataji?" Akaendelea: msako wa majina utawarudisha wamangi na washauri wao, na yule mama aliyefukuliwa kaburini kwake, ambaye lebo yake inasema kabila tu, atabaki kabatini karne nyingine. Mkoloni alimwandika mkubwa na kumwacha mdogo. Nasi tukifuata karatasi zake tutakuwa tunafuata madaraja yake.

Hapo sina jibu la kumshinda. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipokuja Songea Novemba 2023 kuomba msamaha kwa ukatili wa Majimaji, hata yeye kichwa alichokitaja kwa jina kilikuwa cha Chifu Songea Mbano. Ndivyo ilivyo, wenye majina hutangulia.

Ila kaburi moja la wote halimsaidii yule mama kama anavyodhani mwalimu. Mafuvu yakishachanganywa ardhini, lebo na mfupa vimetengana, na hakuna atakayethubutu kufukua tena. Leo lebo yake inasema kabila tu, lakini pengine daftari la mizigo la chombo kilichoyasafirisha baharini au barua ya daktari wa boma itakuja kusema kijiji. Yarudi yote, naam, na yarudi mapema. Lakini kila moja lirudi na karatasi yake, na lisizikwe kabla ya kuchukuliwa sampuli. Najua mwalimu atasema nimehamisha kabati kutoka Berlin kuleta Dar es Salaam. Atakuwa hajakosea sana. Tofauti ni kwamba kabati la Dar es Salaam mtu wa Kibosho anaweza kupanda basi akaliendea.

Na upande wetu wa karatasi je? Vinasaba hufuata njia mbili zilizo wazi: ya baba kwenda kwa mwana wa kiume, na ya mama kwenda kwa watoto wake wote, kisha kuendelea kwa mabinti. Njia ya baba Wachagga tunaijua, tunaikariri vizazi vingi kwa majina ya koo. Njia ya mama tumeiachia ipotee, kwa sababu mabinti waliolewa Machame, Kilema, Rombo, wakahesabiwa kuwa wa kwingine. Lakini ukoo wa kike wa dada wa tumbo moja na Meli, popote ulipo, umebeba alama ileile aliyokuwa nayo yeye. Vikao vyote nilivyohudhuria kuhusu fuvu la Mangi, sijasikia mtu akiuliza dada zake waliolewa wapi.