Rocky alipoanza kushinda, mimi nikaanza kuchoka

Aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua sheria: stelingi hafi, na ukiona anapigwa sana ujue anakaribia kulipiza. Labda ndiyo maana ukitaja filamu za ndondi za Rocky kwa watu wa rika langu, wengi wanarukia ile ya nne, ya 1985. Mrusi Ivan Drago anachomwa sindano na kufungwa mashine mwilini, Rocky anabeba magogo kwenye theluji. Kwangu mimi hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote, ukiiacha ya tano, ambayo hata Sylvester Stallone mwenyewe, aliyeziandika na kumwigiza Rocky, haisifii.

Turudi 1976. Rocky Balboa ni bondia wa mitaani Philadelphia, anamkusanyia madeni mkopesha riba na kuishi kwenye kijichumba na kasa wake wawili. Apollo Creed, bingwa wa uzito wa juu, amekosa mpinzani, anampa nafasi kwa sababu jina lake la ulingoni linauzika. Usiku wa kuamkia pambano Rocky anaingia ukumbini peke yake, anatazama bango kubwa lenye picha yake na kuona kaptula wamemchorea rangi siyo. Anamwambia promota. Promota anamjibu kwa upole kwamba hilo si tatizo, la muhimu kesho awape watu burudani. Kosa la bango lilikuwa la kweli. Filamu nzima ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 1, kwa hiyo badala ya kulichora upya wakaliingiza kosa hilo kwenye mazungumzo ya filamu. Sijui mandhari nyingine inayomwonyesha mnyonge kwa uchache wa maneno namna ile.

Anarudi nyumbani, anamwambia mpenzi wake Adrian kwamba yeye hamuwezi Apollo. Anataka tu kumaliza raundi 15 akiwa bado amesimama. Na kweli anashindwa, majaji wawili kwa mmoja, na matokeo yanasomwa wakati yeye anahangaika kumwita Adrian, uso umevimba, hana habari na mkanda.

Stallone aliipata hadithi hiyo Machi 1975, Chuck Wepner wa New Jersey, mtu aliyekuwa akiuza pombe, alipopanda ulingoni na Muhammad Ali. Alimwangusha Ali raundi ya 9, akaja kusimamishwa raundi ya 15 zikiwa zimebaki sekunde 19. Mazoezi ya Rocky ya kupiga nyama machinjioni na kukimbia zile ngazi za jumba la makumbusho, Joe Frazier, bondia wa kweli wa Philadelphia, alisema ni mambo yake, aliyafanya kwelikweli. Philadelphia ilimpa Frazier sanamu 2015, miaka minne baada ya kufa. Rocky, mtu wa kubuni, ya kwake alikuwa nayo tangu miaka ya 80. Hilo huwa linaniuma.

Ya pili, 1979, Rocky anachukua mkanda. Sawa, alistahili. Lakini baada ya hapo ni tajiri, kwenye ya nne ana roboti nyumbani, na kule Moscow anawahutubia Warusi kuhusu amani, viongozi wao wanasimama kumpigia makofi. Nani tena wa kumhurumia?

Uhai ulirudi na filamu ya 2006. Adrian amefariki, Rocky ana mgahawa wenye jina la mkewe na anazunguka mezani kuwasimulia wateja mapambano ya zamani. Anapigana na bingwa kijana, anashindwa tena wawili kwa mmoja, na anashuka ulingoni bila kungoja matokeo. Mwaka 2015 mwongozaji Ryan Coogler akaleta Creed: Adonis, mtoto wa Apollo, naye anapoteza kwa pointi, kule Liverpool, huku Rocky mgonjwa wa saratani akiwa kwenye kona yake. Stallone aliteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo, akaikosa.

Creed III ya 2023 Rocky hayumo kabisa, na Adonis anashinda. Niliitazama mara moja, ikatosha.