Bendera za Merikebu za Columbus: Je, Mchongaji Alikosea?

Sarafu ya fedha ya lira 500 ya Italia, ile yenye merikebu tatu za Columbus, imeacha ubishi usiokwisha. Vipande vya majaribio vya mwaka 1957, zaidi kidogo ya 1,000, vinaonyesha matanga yamefura kuelekea omo (mbele ya chombo), lakini bendera juu ya milingoti zinapepea kuelekea tezi (nyuma). Lawama zikaanza: upepo gani huo unaosukuma tanga mbele na kuvuta bendera nyuma? Sarafu ilipoanza kutumika mwaka 1958, bendera zilikuwa zimegeuzwa.

Wanaomtetea mchongaji wa upande huo, Guido Veroi, wana hoja nzito. Chombo kinapopiga bisho, upepo hukijia kwa mbele, ubavuni. Tanga lililokazwa hushika upepo huo likakisukuma chombo, ilhali bendera, isiyokazwa kokote, huulalia upepo na kuelekea nyuma. Aliyewahi kupanda jahazi anajua.

Hoja hiyo naikubali baharini, ila kwenye sarafu hii naikataa. Matanga yaliyochongwa pale ni ya mraba, tena yamejaa tumbo zima kama yanavyojaa upepo ukitoka tezi. Na safari yenyewe inashuhudia. Columbus aliondoka visiwa vya Canary Septemba 6, 1492, akaona nchi kavu Oktoba 12, sehemu kubwa ya njia akiwa na upepo wa nyuma. Huko Canary ndiko Niña, moja ya merikebu hizo tatu, ilikobadilishiwa matanga: yale ya pembetatu, jamaa wa tanga la jahazi, yakaondolewa, yakawekwa ya mraba. Nahodha anayejiandaa kupiga bisho njia nzima hafanyi hivyo.

Hata hivyo, naona marekebisho yale yalipoteza kitu. Bendera iliyobaki nyuma humwambia mtazamaji kwamba chombo kinakwenda mbio. Zilipogeuzwa, merikebu zikawa sahihi zaidi, lakini zimetulia kidogo.

Upande wa pili haukubanwa hivyo. Pietro Giampaoli alichonga sura ya mkewe, Letizia Savonitto, akiwa na vazi la karne ya 15 au 16, akamzungushia ngao ndogo 19 za maeneo ya Italia. Hakuna upepo wa kumsuta, kwa kuwa yeye ni ishara ya nchi. Merikebu ni tukio lenye tarehe na njia yake, na ndiyo maana naona ni haki kuzidai ukweli, ingawa hata jina la mitaani la sarafu, Caravelle, yaani karaveli, merikebu ndogo nyepesi, linapotosha: Santa María, mojawapo ya zile tatu, haikuwa karaveli, ilikuwa merikebu kubwa zaidi ya kubebea mizigo.

Zile zilizorekebishwa, gramu 11 za fedha ya 835 kwa 1,000, zilipigwa kwa mamilioni na leo hupatikana kwa bei ndogo. Ya 1957, yenye neno PROVA (jaribio) na bendera zinazorudi nyuma, huuzwa kwa maelfu ya euro.