Muhogo haukwanguliwi

Mapishi mengi ya muhogo wa nazi yanaanza na "menya, osha, katakata", kisha yanakimbilia tui zito na tui jepesi. Hapo kwenye kumenya ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu naona watu wengi, hasa sisi tunaoishi mjini, wanaumenya muhogo kana kwamba ni kiazi.

Kile kimenyeo chenye wembe kinafaa sana kwa karoti na viazi mviringo, ambavyo ganda lake ni jembamba. Muhogo una tabaka mbili: la juu la kahawia, na chini yake ganda nene, jeupe au la waridi. Ukikwangua unatoa lile la juu tu. Hilo la chini ndilo lenye sumu nyingi zaidi, ile inayotoa sianidi, kuliko nyama yenyewe. Na ukilifuata kwa kisu, unaondoka na nyama nzuri pia.

Kata ncha zote mbili, kisha ugawe muhogo vipande vya shubiri moja. Kwa ncha ya kisu, chora mstari mmoja toka juu hadi chini, ukomee pale nyama inapoanza. Penyeza ubapa wa kisu chini ya ganda, uliinue, halafu sukuma kwa kidole gumba. Ganda linabanduka lote, tabaka zote mbili kwa pamoja, na muhogo unabaki mweupe bila kovu. Pasua katikati, toa ule mzizi mgumu. Ukikuta mistari ya bluu au nyeusi, huo umekaa. Muhogo huanza kuharibika siku mbili tatu tu baada ya kung'olewa. Ndiyo maana mimi nanunua wenye ganda na kumwomba muuzaji auvunje niuone ndani, siyo ule uliokwisha kumenywa na kulowekwa kwenye ndoo.

Hayo yote ni kwa muhogo mtamu, ambao baada ya hapo unachemshwa kwa maji mengi, yanamwagwa, ndipo tui lifuate. Muhogo mchungu haumalizwi na kisu. Lazima ulowekwe siku kadhaa, uanikwe, ndipo usagwe unga. Tarime, mwaka 1985, ukame ulifanya watu wafupishe kazi hiyo, na wengine wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, ambao hauponi. Kwa hiyo mama anayekwambia "huu bado, uache ulale tena kwenye maji" msikilize.

Magimbi nayo yana lake. Utomvu wake una chembe kali zinazowasha mikono, kwa hiyo menya mikono ikiwa mikavu na imepakwa mafuta, au, njia ninayoipenda zaidi, yachemshe na maganda yake kisha uyavue yakipoa. Viazi vitamu sioni haja ya kuvimenya kabla ya kupika. Vioshe vizuri, vichemshe vizima, utamu ubaki ndani.

Na maganda ya muhogo, kama una mbuzi, usiwarushie yakiwa mabichi. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, ndipo uwape.