Vitamini anazomeza mama: zipi humfikia mtoto anayenyonya?

Kwa miaka mingi mama aliyetoka kujifungua alipewa vitamini A ya yuniti 200,000 (IU, kipimo cha vitamini) kwa mkupuo mmoja, ndani ya wiki sita hadi nane za mwanzo. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo ya vitamini hii kwenye ini na hutegemea maziwa, hivyo ilionekana busara kumjazia mama. Kikomo cha wiki kiliwekwa kwa sababu retinoli (vitamini A yenyewe) ikiwa nyingi huweza kumletea ulemavu mtoto aliye tumboni, na mama huyo angeweza kuwa ameshika mimba nyingine. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliacha kupendekeza dozi hiyo.

Wanaoitetea wana hoja ya kweli: retinoli katika maziwa hupanda, na hubaki juu kwa miezi kadhaa. Ila majaribio yalipojumlishwa, watoto wa mama waliopewa dozi hawakupungua kufa kwa kiasi cha kutosha kuitetea.

Jijini Dar es Salaam wajawazito 1,078 wenye VVU waliandikishwa katika utafiti kati ya 1995 na 1997, kabla dawa za ARV hazijaenea. Waliopewa vitamini A na beta-karotini (ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) kila siku, na yuniti 200,000 wakati wa kujifungua, waliwaambukiza watoto zaidi: kufikia miaka miwili asilimia 34.2 ya watoto wao walikuwa na VVU, dhidi ya asilimia 25.4 kwa wasiopewa. Vitamini za kundi B pamoja na C na E zilikwenda kinyume chake. Zilipunguza kasi ya ugonjwa kwa mama, na kwa wale waliokuwa na kinga au lishe duni, watoto wao walinufaika pia. Matokeo hayo hayahamishiki yalivyo kwa mama wa leo anayemeza ARV, lakini yanatosha kuvunja dhana kwamba vitamini, hata ikizidi, haina madhara.

Naona WHO walifanya sawa kuiacha dozi ya vitamini A. Wanaokosea ni wale wanaoruka kutoka hapo na kusema mama anayenyonyesha hana haja ya vitamini yoyote. Vitamini B1 na B12 katika maziwa hufuata kile alicho nacho mama. Anayeshindia wali mweupe uliokobolewa sana, bila maharage wala kitoweo, anaweza kumnyonyesha mtoto maziwa yasiyo na B1 ya kutosha. Mtoto anayeikosa, akiwa na miezi miwili au mitatu, huweza kukauka sauti akilia, kisha moyo hushindwa kazi. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima apate B12 ya vidonge, la sivyo mishipa ya fahamu na ubongo wa mtoto huweza kuumia. Hapa kidonge cha mama ni tiba ya wawili. Madini ya chuma ni kisa kingine: vidonge hujenga damu ya mama, maziwa hayabadiliki.

Vitamini D ndiyo yenye ubishi mgumu zaidi. Maziwa ya mama huwa na kidogo, na mtoto anahitaji yuniti 400 kwa siku. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba mama akimeza yuniti 6,400 kila siku, mtoto hupata ya kutosha kupitia maziwa, sawa na anayepewa matone. Wanaopenda njia hii husema mama hukumbuka kidonge chake kuliko matone ya mtoto. Lakini kiasi hicho kinapita yuniti 4,000, kikomo cha kawaida cha mtu mzima asiyesimamiwa na daktari. Kwa anayejifunika mwili mzima au asiyeliona jua, ningechagua matone kwa mtoto, na mama atibiwe upungufu wake kwa dozi ya kawaida.

Kabla ya kumpa mtoto matone hayo, soma chupa. Zipo zenye yuniti 400 katika tone moja, na zipo zenye 400 katika mililita nzima. Ukimpa mililita nzima kutoka ile ya tone, umemzidishia mara ishirini au zaidi. Kalsiamu hupanda katika damu, mtoto hutapika, hufunga choo, na figo huweza kuharibika.