Mjomba na bekoni ya oveni

Mjomba wangu ana baa Tukuyu, na nyuma ya hiyo baa kuna jiko la kitimoto linalowatoa watu Mbeya mjini. Kwa hiyo alipokuja kututembelea Minneapolis akanikuta napanga bekoni kwenye trei ya oveni, alinitazama kama daktari anayemtazama muuza dawa wa stendi.

“Mpwa wangu, hii nyama mbona imechanwa kama karatasi? Halafu unaioka, mkate huo?”

Nikamweleza. Bekoni ya Marekani ni nyama ya tumbo la nguruwe, imeshatiwa chumvi na kupitishwa kwenye moshi huko kiwandani. Ukiikaanga kwenye kikaangio inakurushia mafuta hadi kwenye miwani. Kwenye oveni inaiva yote kwa mpigo mmoja. Trei yenye kingo, foili chini, nyuzi 400, dakika 15 hadi 20, basi.

“Nyuzi 400! Unaivisha nyama au unayeyusha chuma?”

Nikasema hizo ni Farenhaiti, kwa Selsiasi ni kama 204. Akaguna. Mjomba akiguna vile ujue hajakubali, anasubiri uondoke.

Nikaenda kuoga.

Sasa, mtu aliyechoma nguruwe maisha yake yote haipendi trei. Kwake yeye nyama inayoogelea kwenye mafuta yake haijachomwa, imechemshwa. Akaitoa yote, akaisugua chumvi nyingine, akaikamulia ndimu, kisha akaitandaza moja kwa moja juu ya wavu wa oveni. Tukuyu chini ya wavu kuna mkaa na majivu. Kwangu kuna koili ya umeme, nyekundu, iko wazi, inasubiri mafuta.

Nilitoka bafuni na taulo, jikoni hakuonekani. Nyuma ya kioo cha oveni moto unacheza, na mjomba ameinua jagi la maji.

“Mjomba, maji hapana!” Nilimfokea, jambo ambalo kwetu lina faini ya mbuzi. Nikazima oveni, mlango wake nikauacha umefungwa. Moto wa mafuta ukikosa hewa hufa wenyewe, na ule ukafa. Hapo tungeweza kukaa tukanywa chai na mkate mtupu, yakaisha.

Lakini king'ora cha moshi kilikuwa kinalia, na mjomba alishaamua ni ugomvi wao wawili. Akakipungia kanga ya mke wangu. Akakitishia ufagio. Mwisho akafungua mlango wa korido ili moshi utoke. Ukatoka kweli. King'ora cha ndani huwapigia kelele wenye nyumba tu. Cha korido kinaamsha jengo zima.

Jumamosi asubuhi, mwezi wa Januari, ghorofa zote zikamwagika kwenye theluji. Mjomba yuko na kaptura, ndala, na koti la mke wangu lenye manyoya shingoni. Harufu nayo ilishuka ngazi pamoja nasi, na tuseme haki, ilikuwa tamu. Zimamoto wakapanda na mavazi yao yote, wakashuka, mmoja anajikaza asicheke.

Mjomba akanivuta kando, lakini sauti ikawa ileile ya baa: “Wakiuliza, sema ni wale wa juu. Huku nani anajua Kiswahili?”

Minneapolis imejaa Wasomali, na wengi walikaa Kenya miaka kabla ya kufika huku. Hilo nilikuwa sijamwambia. Mama mmoja aliyejifunika blanketi, mtoto mkononi, akageuka taratibu.

“Wa juu ni sisi, mzee,” akasema, Kiswahili cha Eastleigh kabisa. “Na sisi hiyo hatupiki.”

Mjomba akatazama zimamoto, akatazama ndala zake.

“Shikamoo,” akamwambia mtu wa umri wa binti yake wa mwisho.

“Marahaba,” mama akaitikia.